Katiba ya 1787 na katiba ya 1861: kwa mnaoandika katiba baada ya kumeguka

Huku Nyanda za Juu Kusini vyama vinameguka kila msimu. Kikundi cha parachichi cha Rungwe kikikua, wa vijiji vya juu wanaanza kulalamika: ghala liko mbali, bodi imejaa watu wa upande mmoja, hesabu zinasomwa harakaharaka siku ya mkutano mkuu. Mwisho wanatoka. Mbozi ni kahawa, Mafinga ni mbao, Mbeya mjini ni VICOBA na kwaya. Sababu hazifanani, ila wakishatoka swali la kwanza ni lilelile: tunakili katiba ya chama mama na kubadilisha jina, au tuandike yetu?

Wapo wanaopeleka katiba ya zamani stationery, jina la kwenye jalada linabadilishwa, inachapwa, kazi imeisha. Nimewahi kushika nakala moja ya namna hiyo. Jalada lilikuwa na jina jipya na mhuri mpya wa zambarau. Ndani, kwenye ibara ya mali za chama, jina la chama mama lilikuwa limekaa palepale. Kwa maandishi yao wenyewe, mizani waliyoichangia wao ilikuwa mali ya wale waliowakimbia.

Hakuna mfano mkubwa wa jambo hili ninaoujua kuzidi ule wa Marekani mwaka 1861. Majimbo saba ya Kusini yalijitoa katika Muungano wao, yakakutana Montgomery, Alabama, yakaandika katiba ya nchi yao mpya, Shirikisho. Walichofanya ni kuchukua katiba ya taifa walilolikimbia, ile ya 1787, na kuipitia ibara kwa ibara. Sehemu kubwa waliiacha ilivyo. Kwa hiyo kila palipobadilika unaona waziwazi kilichokuwa kinawauma. Wengine wenu mnaiita katiba. Wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, mnaiita masharti na lazima yapite kwa Mrajisi wa Vyama vya Ushirika. Vyovyote iwavyo, maandishi haya mawili yanafaa kuwekwa mezani pamoja kabla ya kwenda kuchapa. Yanawafaa pia wanafunzi wa sheria pale Iringa, na walimu wanaoandaa midahalo ya sekondari.

Nitayapima kwa mambo yaleyale: mamlaka yanatoka wapi, kiongozi mkuu anakaa muda gani, fedha inatokaje, mtendaji anawajibishwa na nani, katiba inarekebishwaje, mlango wa kutoka uko wapi, na nani anaachwa nje ya ulinzi. Hili la mwisho lina uzito kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

Zilivyoandikwa

Ya 1787 iliandikwa Philadelphia kuanzia mwishoni mwa Mei hadi 17 Septemba. Wajumbe 39 waliisaini, kisha ikasubiri majimbo tisa yaikubali, jambo lililotimia Juni 1788. Iliandikwa na watu waliokuwa wanataka kuungana zaidi, baada ya kuona mpango wao wa kwanza hauna nguvu hata ya kutoza kodi.

Ya 1861 ilikuwa ya mbio. Mkutano wa Montgomery ulianza 4 Februari, na tarehe 8 katiba ya muda ilikuwa tayari. Ya kudumu ilipitishwa 11 Machi. Ziliandikwa haraka kwa sababu msingi ulikuwepo tayari. Wenye haraka watapenda hapo, na kwa kweli hakuna aibu kunakili. Aibu ni kunakili bila kusoma.

Mamlaka yanatoka wapi

Utangulizi wa 1787 unazungumza kwa jina la watu wa Marekani kwa ujumla wao, na unataja ustawi wa wote. Ule wa 1861 unasema watu wa Shirikisho, kila jimbo likitenda kwa mamlaka na uhuru wake lenyewe. Maneno ya ustawi wa wote yakaondolewa, humo na kwenye ibara ya kodi, maana wao waliona ndiyo tundu ambalo serikali kuu ilipitia kujitwalia kazi zisizo zake. Jina la Mwenyezi Mungu, ambalo katika utangulizi wa 1787 halimo, likaingizwa.

Kwa chama chenu, tofauti hii maana yake ni moja: mwanachama ni mtu mmoja mmoja, au mwanachama ni kikundi cha kijiji? Mkisema mwanachama ni mtu, bodi inamjibu mtu. Mkisema ni kikundi cha kijiji, basi viongozi wa kijiji wanasimama katikati, na mkulima wa kawaida anaweza asiwe na pa kupeleka neno lake ikiwa kijiji chake chenyewe ndicho kinachomwonea. Umoja mkubwa wa vikundi vingi unaweza kufaa kwa mtindo wa pili. Kikundi cha kijiji kimoja hakina sababu nao.

Kiongozi mkuu

Hapa waliojitenga walibadilisha jambo ambalo watu wengi bado wanalipenda. Katiba ya 1787 ilimpa Rais miaka minne na kunyamaza kuhusu mara ngapi anaweza kurudi. Kimya hicho kilidumu hadi 1951, marekebisho ya 22 yalipoweka ukomo wa kuchaguliwa mara mbili, baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne. Katiba ya 1861 ilimpa Rais miaka sita, mara moja tu, asirudi.

Uzuri wake: kiongozi hatumii madaraka kutafuta muhula mwingine. Mnajua inavyokuwa mwaka wa uchaguzi kwenye vyama vyetu; posho zinapanda, mbolea inagawiwa kwa tabasamu, na mhazini anaambiwa hesabu zingoje. Muhula mmoja unakata hayo. Ubaya wake: kiongozi anayejua harudi hana wa kumwogopa, na akiwa mbovu mtakaa naye miaka sita. Jefferson Davis, Rais wa waliojitenga, aliyeapishwa 22 Februari 1862 kwa muhula huo wa miaka sita, hakuumaliza. Vita kati ya Kusini na Kaskazini vilikwisha na akakamatwa Georgia Mei 1865. Kwa hiyo mpango huo haukujaribiwa hadi mwisho, na anayewaambia ulifanikiwa au ulishindwa anasema zaidi ya ushahidi.

Chama kichanga chenye watu wachache wanaojua hesabu kitaumia kikimfukuza mwenyekiti mzuri kwa kanuni. Chama ambacho kimemeguka kwa sababu ya mwenyekiti aliyekaa miaka kumi na tano kitalala usingizi zaidi na muhula mmoja. Hata hivyo miaka sita kwa kikundi ni mingi mno. Mitatu inatosha.

Fedha

Hapa nitakaa kidogo, maana vyama vyetu vingi hufia kwenye fedha, na pia ndipo waandishi wa 1861 walipokuwa makini kuliko waliowatangulia.

Katiba ya 1787 inasema mambo machache: fedha haitoki hazina bila sheria iliyopitishwa, na taarifa ya mapato na matumizi itangazwe kwa vipindi. Bunge lao linapitisha kwa wingi wa kawaida wa kura. Rais akiletewa muswada, anakubali wote au anakataa wote. Mwaka 1996 Bunge lilimpa Rais kwa sheria uwezo wa kufuta baadhi ya matumizi na kuacha mengine. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikasema sheria hiyo haiendani na katiba. Kwa hiyo mchezo wa kuchomeka kitu kibaya ndani ya muswada mzuri bado unawezekana.

Katiba ya 1861 iliziba matundu kadhaa. Rais aliruhusiwa kukubali fungu moja na kukataa jingine ndani ya muswada uleule. Kila sheria ilitakiwa kuhusu jambo moja tu, na jambo hilo lionekane kwenye kichwa chake. Kila muswada wa matumizi ulitakiwa kutaja kiasi kamili na kazi yake. Matumizi ambayo hayakuombwa na mkuu wa idara kupitia kwa Rais yalihitaji theluthi mbili ya kura katika mabaraza yote mawili ya Bunge, isipokuwa gharama za Bunge lenyewe na madai yaliyokwisha kuthibitishwa kisheria. Na lipo moja ninalolipenda sana: hakuna malipo ya ziada kwa mkandarasi, ofisa au wakala baada ya mkataba kuwekwa au kazi kumalizika.

Liweke hilo la mwisho ndani ya ghala lenu. Fundi ameshakubali kuezeka kwa bei fulani. Amemaliza. Kisha linaletwa ombi la "shukrani" kwa fundi, na fundi ni shemeji wa mtu. Chini ya ibara ile, mwenyekiti hana hata haja ya kugombana na mtu. Anafungua ukurasa, anausoma, mnaendelea na ajenda.

Au chukueni bajeti ya kawaida: mizani, turubai, mafuta ya pikipiki, usafiri wa bodi kwenda Mbeya, na chini kabisa "mengineyo". Bajeti inapigiwa kura kwa pamoja. Anayeipinga "mengineyo" anaambiwa anapinga mizani. Kwa mtindo wa 1787 atalazimika kuchagua kati ya yote na hakuna. Kwa mtindo wa 1861 fungu moja linaweza kukatwa na mengine yakapita, na "mengineyo" lenyewe lisingefika mezani, maana halitaji kazi.

Ila ibara hizi zina gharama yake. Kura ya turufu ya fungu kwa fungu inampa mtu mmoja kisu kikali. Mwenyekiti anaweza kukata fungu la kijiji kisichompenda na kuacha mengine yote. Theluthi mbili nayo inawapa wachache uwezo wa kuzuia hata jambo la dharura. Mkiwa na bodi mnayoiamini na mwenyekiti mnayemshuku, msimpe kisu hicho; kikabidhini kwa mkutano mkuu.

Kisha kuna lile walilolifanya kwa hasira. Kusini ilikuwa inauza pamba nje na kununua bidhaa za viwandani. Kwa miaka mingi ililalamikia ushuru wa forodha uliolinda viwanda vya Kaskazini. South Carolina ilifika mahali pa kuukaidi waziwazi mwaka 1832. Walipopata kalamu wakaandika: hakuna ushuru wa kulinda tasnia yoyote, hakuna ruzuku ya namna hiyo, na serikali kuu isitumie fedha kujenga miundombinu ya kusaidia biashara, isipokuwa taa za bandari, maboya na kusafisha mito, tena kwa kulipwa na vyombo vinavyonufaika. Posta nayo ilipewa hadi 1 Machi 1863 ijitegemee kwa mapato yake. Posta ilijitegemea kweli chini ya waziri wao wa posta, John H. Reagan, kwa kupandisha bei ya stempu na kupunguza njia za barua.

Reli ndiyo iliyowaumbua. Vita vilipokolea, kukawa na pengo la reli kati ya Danville, Virginia, na Greensboro, North Carolina, na wanajeshi na chakula vinahitaji kupita. Serikali iliyokatazwa na katiba yake kujenga miundombinu ya biashara ikatoa fedha, kwa hoja kwamba ni mahitaji ya jeshi. Chuki dhidi ya kosa la chama mama ilikuwa imegeuzwa ibara ya kudumu, na mwaka mmoja haujapita vizuri ikawabana wenyewe. Mkitoka kwenye chama mama kwa sababu kilinunua lori likafia gereji, msiandike kwamba chama chenu hakitanunua chombo cha usafiri milele. Andikeni utaratibu wa kununua.

Kuwajibisha watendaji

Kuhusu kuwafukuza watendaji, katiba ya 1787 inanyamaza, ukiacha utaratibu wa kushtakiwa bungeni. Kimya hicho kilileta vita kali ya kisiasa. Rais Andrew Johnson alishtakiwa mwaka 1868 kwa kumwondoa waziri wa vita, akanusurika kwa kura moja. Ya 1861 ilisema wazi: mawaziri na mabalozi Rais anawaondoa apendavyo, wengine wanaondolewa kwa sababu zilizotajwa, kama ukosefu wa uaminifu, kutomudu kazi au kuzembea, na sababu hizo zipelekwe Seneti. Meneja wa AMCOS, karani wa mizani na mlinzi wa ghala wangefaidika na ibara kama hii, na chama pia, maana kesi za kufukuzwa bila sababu zinakula fedha.

Bunge lao liliruhusiwa pia kutunga sheria ya kuwapa mawaziri nafasi ya kukaa bungeni na kujadili mambo ya idara zao. Sisi Watanzania tumezoea waziri kusimama Dodoma na kujibu maswali, kwa hiyo kwetu si ajabu. Kwa Mmarekani hadi leo ni jambo geni.

Na jimbo lenyewe, kwa theluthi mbili ya mabaraza yake, liliweza kumfungulia mashtaka ofisa wa serikali kuu anayeishi na kufanya kazi ndani ya jimbo hilo peke yake. Kwa umoja wa vikundi wenye mawakala vijijini, hii ni nzuri: kijiji kisisubiri makao makuu kugundua kwamba wakala wao anapunja kilo.

Upande mmoja lakini 1861 iliachwa nyuma sana. Katiba yao ilitaja Mahakama ya Juu kama ya 1787, ila Bunge lao halikuwahi kuiunda. Majimbo yaliiogopa. Basi ugomvi kati ya serikali kuu na majimbo ukakosa mwamuzi. Chama kisicho na kamati ya usuluhishi iliyoundwa tangu siku ya kwanza kitakuja kuiunda wakati wa ugomvi, na wakati huo kila mjumbe atakuwa wa upande fulani.

Kurekebisha

Kwa 1787, pendekezo linahitaji theluthi mbili ya Bunge, au theluthi mbili ya majimbo yakiomba mkutano, kisha robo tatu ya majimbo yaridhie. Njia ya mkutano haijawahi kutumika. Marekebisho ni 27 tu, na la 27 lilipendekezwa 1789 likaridhiwa 1992. Kwa 1861, majimbo matatu yakidai, Bunge lilazimike kuita mkutano, ujadili yale tu yaliyoombwa, na theluthi mbili ya majimbo iridhie. Bunge lenyewe halikuwa na ruhusa ya kuanzisha.

Ya pili ni nyepesi na inaanzia chini. Ya kwanza inalinda walio wachache dhidi ya upepo wa msimu mmoja. Nyumbani tuna njia ya tatu: ibara ya 98 ya Katiba ya 1977 inataka mambo kadhaa ya Muungano yapate theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Kikundi cha vijiji viwili visivyolingana ukubwa kiangalie hiyo kabla ya kuangalia zote mbili za Marekani.

Mlango wa kutoka

Mtu angetegemea waliojitoa waandike namna ya kujitoa. Hawakuandika. Utangulizi wao unasema wanaunda serikali ya kudumu. Ya 1787 nayo ilikuwa kimya, na ndiyo maana pande zote mbili zilidai kimya hicho ni chao, hadi vita vikaamua. Mwaka 1869, katika kesi ya Texas dhidi ya White, Mahakama ya Juu ikasema muungano wao hauvunjiki na jimbo haliwezi kujitoa kwa uamuzi wake peke yake.

Na waliojitoa walipotokewa na wanaojitoa, walitenda nini? Mashariki mwa Tennessee watu wengi walipiga kura ya kukataa kujitenga Juni 1861. Wakakutana Greeneville, wakaomba waachwe waunde jimbo lao wabaki na Muungano. Walinyimwa, majeshi ya Kusini yakaingia. Magharibi mwa Virginia walifaulu, kwa kuwa majeshi ya Muungano yalikuwa karibu, na West Virginia ikawa jimbo 20 Juni 1863. Kwa maneno mengine, waliosema kutoka ni haki ya kila mtu walipoona mtu anatoka kwao wakafunga mlango.

Katika hili zote mbili hazikufai. Andikeni ibara yenu: notisi ya miezi mingapi, hisa zinarudishwa lini, deni la mkopo wa mbolea linagawanywaje, ghala linathaminiwa na nani. Wapo watakaosema kuandika ibara ya kutoka ni kujitabiria mabaya. Ninyi wenyewe mmetoka juzi, na bado mnadaiana mizani.

Nani anaachwa nje

Nimelisogeza mwisho kwa sababu linapindua mizani yote iliyotangulia. Ukisoma ibara za fedha za 1861 peke yake unaweza kudhani unasoma kazi ya watu waadilifu. Ila hao waliandika pia kwamba haitapitishwa sheria yoyote ya kukana au kupunguza haki ya kumiliki watumwa weusi. Waliandika kwamba raia wa jimbo moja anaweza kusafiri na kukaa na watumwa wake katika jimbo jingine lolote. Waliandika kwamba katika maeneo mapya yoyote watakayoyapata, utumwa utatambuliwa na kulindwa. Makamu wa Rais wao, Alexander Stephens, alisimama Savannah 21 Machi 1861 akatangaza kwamba jiwe la msingi la serikali mpya ni imani kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe. Katika South Carolina na Mississippi, sensa ya 1860 ilikuta zaidi ya nusu ya watu ni watumwa. "Watu" wa utangulizi ule mzuri, basi, walikuwa wachache nyumbani kwao wenyewe.

Haki kwa pande zote: katiba ya 1787 haikuwa safi. Iliepuka kutaja utumwa kwa jina, lakini iliwahesabu watumwa kwa tatu ya tano, yaani watano kama watatu, katika kugawa viti vya Bunge, ilizuia Bunge kupiga marufuku uingizaji wao hadi 1808, na iliamuru aliyetoroka arudishwe. Waliojitenga walibakiza hesabu ileile ya tatu ya tano. Walikataza kuingiza watumwa kutoka nje, isipokuwa kutoka majimbo ya Marekani yenye utumwa. Tofauti kubwa ni kwamba ya 1787 iliacha nafasi ya kubadilika, na ikabadilika baada ya damu nyingi: marekebisho ya 13 mwaka 1865 yakaufuta utumwa, ya 14 na ya 15 yakafuata 1868 na 1870. Ya 1861 ilikuwa imekaza hapo kwa makusudi. Kwetu, ambako misafara ya watumwa ilipita kutoka Ziwa Nyasa kwenda pwani, na soko la Zanzibar likafungwa 1873 tu, hili halisomwi kama habari ya mbali. Sitalipa alama sawa na muhula wa Rais.

Tena ndilo linaloonyesha madai ya "uhuru wa kila jimbo" yalifika wapi. Jimbo lisingeweza kumzuia mtu kupita na watumwa wake. Jimbo lisingeweza kumruhusu mgeni ambaye si raia kupiga kura, jambo ambalo katiba ya 1787 iliwaachia majimbo. Palipokuwa na maslahi ya wenye mali, jimbo liliamriwa.

Kwa kikundi chenu swali ni dogo lakini ni la aina hiyohiyo: mke anayelima shamba lenye jina la mume ni mwanachama? Kijana asiye na hati ya shamba? Vibarua wa kuchuma? Katiba ikisema "mwanachama ni mmiliki wa shamba", wanaochuma parachichi wengi wako nje, na hakuna ibara nzuri ya fedha itakayowaingiza.

Uchague nini, ukiwa wapi

Mmetoka kwa sababu ya wizi au hesabu kufichwa: anzeni na nakala ya chama mama, kisha chomekeni ibara za fedha za 1861, yaani jambo moja kwa azimio moja, kiasi na kazi vitajwe, hakuna nyongeza baada ya mkataba. Uwezo wa kukata fungu uwe wa mkutano mkuu.

Mmetoka kwa sababu ya kiongozi king'ang'anizi: ukomo wa mihula uandikwe waziwazi, msiache kimya cha 1787. Muhula mmoja kama mna watu wa kutosha wa kupokezana, miwili kama hamna.

Mko umoja wa vikundi vya vijiji vingi, kama wa kahawa Mbozi au chai Mufindi: soma 1861 kwa namna kijiji kinavyoweza kumshtaki wakala aliye kwao, lakini kamati ya usuluhishi na haki za mwanachama mmoja mmoja zichukueni upande wa 1787, pamoja na marekebisho yake ya baada ya vita. Masharti yenu yapelekeni kwa ofisa ushirika kabla ya kupiga kura, si baada.

Mko kikundi kidogo cha watu ishirini mnaofahamiana kwa majina ya watoto: hamhitaji kura ya turufu, wala mabaraza mawili, wala theluthi mbili kila mahali. Kurasa nne zinatosha, mbili kati ya hizo ziwe za fedha na za kutoka, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri atawaambia kinachopungua kwa ajili ya usajili.

Na wewe mwanafunzi uliyepangiwa kutetea waliojitenga kwenye mdahalo: tetea ibara za bajeti, hapo una hoja. Ukisema walipigania uhuru wa majimbo, jiandae kuulizwa kuhusu kupita na watumwa, kuhusu kura ya mgeni, na kuhusu Greeneville.